Asomayo Mtoto Shuleni na Aonayo Ziwani



Samaki mkunje angali mbichi. Methali hii sote twaitumia tusemapo habari za malezi, hata sisi tukaao mbali na maji. Leo twaitumia kwa ajili ya watoto wanaokua kando ya maji yenyewe, yaani vijana wa Mwanza na wa kandokando ya Ziwa Victoria, wale wa madarasa ya mwisho ya shule ya msingi na wale wa sekondari. Twataka kueleza namna wanavyoweza kufundishwa kuyatunza mazingira yao kwa vitendo, na namna sisi wazazi tunavyoweza kuyaharibu mafundisho hayo kwa jioni moja.

Tumchukue kijana mmoja kwa mfano. Ana miaka 15, yu katika kidato cha pili, na kwao ni kijiji cha wavuvi. Asubuhi mwalimu wa biolojia amefundisha kwamba samaki asipoachwa akue na kuzaa, uvuvi hufa. Kijana ameandika vema daftarini, akapata alama nzuri. Jioni amerudi nyumbani, naye akaitwa ufukweni kusaidia kuvuta kokoro, ule wavu mrefu ukokotwao kutoka majini hadi nchi kavu, ukizoa samaki wakubwa, vifaranga, mayai na majani pamoja. Kokoro limepigwa marufuku na sheria. Walakini fedha ya kokoro hilo ndiyo iliyonunua daftari lile. Je, kijana huyu ashike lipi? Somo la asubuhi au somo la jioni?

Hapo ndipo penye shida ya elimu hii, wala si katika uhaba wa vitabu.

ZIWA LENYEWE

Yafaa kwanza tulijue ziwa. Eneo lake ni kilometa za mraba zipatazo 68,800. Kati ya maziwa yote ya maji baridi duniani ni la pili kwa upana, likitanguliwa na Ziwa Superior la Amerika Kaskazini. Zaidi kidogo ya nusu yake iko Tanzania, asilimia 43 iko Uganda, na asilimia 6 Kenya. Lakini upana huo usitudanganye. Kina chake kwa wastani ni meta 40 tu, wala mahali pake penye kina kirefu kabisa hapafiki meta 90, hali Ziwa Tanganyika lapita meta 1,400. Ziwa letu ni kama sinia: pana, lisilo na kina, na kila kitiwacho ndani yake huonekana upesi.

Wazee wa Mwanza wamkumbuka furu. Furu ni samaki wadogo wa rangi nyingi, nao walikuwa wa aina zaidi ya 500 katika ziwa hili. Wengine walikula matope, wengine wadudu, wengine konokono, wengine samaki wenzao. Kila aina ilikuwa na kazi yake. Wataalamu wa Kiholanzi walioanza kazi katika Ghuba ya Mwanza mwaka 1977 waliwakuta furu ndio wengi kupita samaki wote. Lakini katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 sangara, ambaye si mwenyeji wa ziwa hili, alikuwa ametiwa humo upande wa kaskazini ili kuongeza mavuno ya samaki. Katika miaka ya 1980 akaongezeka ajabu, na aina za furu zikadiriwazo kuwa 200 zikatoweka. Nyingine zimerudi kuonekana baadaye. Nyingine hazikuonekana tena.

Hatumlaani sangara. Amejenga nyumba nyingi, amesomesha watoto wengi, na viwanda vya minofu vya Mwanza vyamtegemea yeye. Twataka tu kijana aone jinsi mambo yashikamanavyo. Furu alikaushwa kwa jua. Sangara ana mafuta mengi, hakaukiki hivyo. Hapana budi abanikwe au akaangwe. Moto wataka kuni, kuni zataka miti. Miti ikiisha mlimani, mvua huuchukua udongo hata ziwani, pamoja na mbolea na taka za mijini. Maji yakijaa mbolea, hustawisha mimea midogo na kugeuka kijani. Na magugu maji, mmea wa Amerika ya Kusini ulioonekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, nayo hushiba na kutambaa juu ya maji.

Tena liko jambo la ajabu zaidi, lililochunguzwa katika Ghuba ya Mwanza na kutangazwa mwaka 1997. Furu wa kike humchagua dume wa aina yake kwa kuitazama rangi yake. Maji yakiwa machafu, rangi haionekani. Basi aina huchanganyika na kupotea, ingawa hakuna aliyevuliwa wala aliyeliwa. Maji yaliyotiwa giza yatosha kumaliza viumbe vya Mungu.

ONA, AMUA, TENDA

Shule nyingi hufundisha mazingira kwa siku moja ya mwaka. Mgeni wa heshima hufika, miche hupandwa, hotuba husomwa, picha hupigwa. Baada ya miezi mitatu mbuzi wamekula miche yote, wala hapana aulizaye. Kupanda ni kazi ya saa moja. Kutunza ni kazi ya miaka. Kitabu cha Mwanzo chatueleza kwamba mtu aliwekwa bustanini ailime na aitunze pia, na yale maneno mawili hayakutenganishwa.

Njia iliyo bora twaijua zamani katika Kanisa. Padre Joseph Cardijn wa Ubelgiji, aliyefanywa kardinali mwaka 1965, aliwazoeza vijana wafanyakazi hatua tatu: kuona, kuamua na kutenda. Papa Yohane wa 23 aliisifu njia hiyo katika waraka wake Mater et Magistra wa mwaka 1961, na hata leo wanafunzi wetu wa TYCS waifuata katika mikutano yao. Njia hiyo yafaa kwa ziwa kama ifaavyo kwa mambo mengine.

KUONA

Kuona kwataka kupima. Twapendekeza kazi nne ambazo shule yoyote ya kandokando ya ziwa yaweza kuzifanya bila gharama kubwa.

Kazi ya kwanza ni kupima uangavu wa maji. Chukueni kifuniko cha bati au ubao wa duara wenye upana wa sentimeta 20. Ugawanyeni sehemu nne, mbili mzipake rangi nyeupe na mbili nyeusi. Chini yake fungeni jiwe, na juu yake kamba iliyotiwa alama kila sentimeta 10. Mwalimu na akishushe chombo hicho majini polepole kutoka gatini, adhuhuri, upande wa kivuli. Kinapopotea machoni, andikeni kina. Kinapoonekana tena kikivutwa, andikeni. Kisha chukueni wastani. Rudieni kila wiki, mahali pale pale na saa ile ile. Kifaa hiki kiliwekwa na Padre Angelo Secchi, Mjesuiti mtaalamu wa nyota, aliyekijaribu baharini mwaka 1865 katika merikebu ya Baba Mtakatifu, na wataalamu wa dunia nzima wangali wakikitumia. Mwaka 1927, waliopima sehemu za wazi za ziwa letu waliona mpaka kina cha meta 7 au 8. Katika miaka ya 1990 wenzao waliona meta 3 au pungufu. Wanafunzi wenu wataona kiasi gani?

Kazi ya pili ni kupima samaki. Kwa ruhusa ya viongozi wa mwalo, wanafunzi na wapime kwa utepe wa fundi cherehani sangara 50 walioletwa siku hiyo, waandike urefu wa kila mmoja. Sheria yakataza kuvua sangara aliye chini ya sentimeta 50. Wangapi wamepungukiwa? Waandike hesabu tu. Wasiandike jina la mvuvi yeyote. Sababu yake tutaieleza mbele.

Kazi ya tatu ni kuchambua taka. Mjini Mwanza, Mto Mirongo wapita katikati ya makazi ya watu na kuingia ziwani, na kila mtaa una mfereji wake. Chagueni hatua 20 za mfereji mmoja, mkiwa mmevaa viatu na glavu. Tengeni plastiki mbali, vyakula mbali, vitambaa mbali, mpime kila fungu kwa mizani. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Je, ni plastiki gani iliyobaki? Yatoka wapi? Nani aliyeitupa?

Kazi ya nne ni kuwauliza wazee. Kila mwanafunzi na amwendee babu au bibi mmoja, aandike majina ya samaki, ya miti na ya ndege aliyoyajua utotoni, na yapi hayaonekani tena. Mkatoliki mmoja wa Ukerewe, marehemu Aniceti Kitereza, aliandika kwa Kikerewe kitabu kinene cha habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, akakimaliza mwaka 1945. Humo alihifadhi habari za kilimo, uvuvi na dawa za miti, akihofia vijana watazisahau. Kitabu chenyewe kilipigwa chapa kwa Kiswahili mwaka 1980. Kijana aulizaye bibi yake jina la samaki aendeleza kazi ile ile.

Hapa twatoa onyo kwa waalimu. Katika kazi hizi mwanafunzi asiingie majini. Mamba wako mahali pengine, na kichocho kiko mahali pengi. Mgonjwa wa kichocho akijisaidia ziwani, mayai huanguliwa majini, vijidudu humwingia konokono, humo huongezeka, kisha hutoka na kutoboa ngozi ya mtu aogaye. Basi hilo nalo ni somo la mazingira, nalo latufundisha kwamba choo cha shule ni sehemu ya utunzaji wa ziwa.

KUAMUA

Hesabu zikiisha kukusanywa, wanafunzi waketi pamoja. Waziandike ubaoni, wachore mistari ya kupanda na kushuka, kisha waulizane: Haya yametokea kwa sababu gani? Nani apata faida? Nani apata hasara? Sheria yasemaje? Imani yetu yasemaje?

Juu ya sheria, wataikuta ile ya mwaka 2004 ya usimamizi wa mazingira, ikatazayo shughuli za kibinadamu za kuharibu katika meta 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Wapime kwa hatua wajionee. Juu ya imani, wausome waraka wa Papa Fransisko, Laudato Si', wa mwaka 2015, hasa sura ya sita isemayo juu ya malezi. Humo Baba Mtakatifu huyo, aliyefariki Aprili 2025, hakudharau mambo madogo: kupunguza plastiki, kutopoteza maji, kupika kadiri ya haja, kupanda miti. Aliyahesabu kuwa matendo ya upendo. Tena alionyesha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini hakiwezi kutengwa. Neno hili tulishike, maana tutalihitaji tukifika kwa yule mvuta kokoro.

Wasifikiri pia kwamba wazee wao walikuwa waharibifu tu. Kaskazini mwa Ukerewe kiko kisiwa cha Ukara, chenye watu wengi katika ardhi ndogo. Wakara walizoea kufuga ng'ombe ndani, wakiwakatia majani, na samadi yote wakaipeleka shambani. Wakapanda mimea ya kurutubisha udongo kati ya nafaka. Hivyo walilima shamba lile lile mwaka baada ya mwaka bila kuliua. Jambo hilo halikuanzishwa na mradi wowote wa kutoka nje. Lilianzishwa na haja, likalindwa na desturi, watoto wakalipokea kwa wazazi wao.

KUTENDA

Vijana wana uwezo kuliko tudhanivyo. Vilabu vya wanyama pori vya Kenya vilianzishwa mwaka 1968 na wanafunzi wenyewe. Vilabu vyetu vya Malihai vilianza mwaka 1980. Mwaka 1991, mjini Dar es Salaam, wanafunzi 12 walikutana barazani kwa Jane Goodall, yule bibi mchunguzi wa sokwe wa Gombe aliyefariki Oktoba 2025; katika mkutano huo likazaliwa shirika la Roots & Shoots, ambalo limeenea katika nchi nyingi za dunia.

Wako wasemao: shule yetu haina fedha za kuwapeleka watoto Serengeti. Si lazima. Kisiwa cha Saanane, kilichofanywa bustani ya wanyama mwaka 1964 na kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013, kiko karibu na mji wa Mwanza, mwendo wa dakika chache kwa mashua. Na asiyefika Saanane, mfereji wa mtaani kwake wamtosha.

Twashauri kila shule iwe na daftari la miti. Kila mti upewe namba, na kila namba ipewe wanafunzi wawili. Mwisho wa muhula wapime kimo, waandike; mti ukifa waandike sababu ya kufa, kisha wapande mwingine. Wakimaliza shule, wakabidhi miti yao kwa wadogo zao mbele ya wazazi. Shule iliyopanda miti 30 ikatunza 25 imeishinda ile iliyopanda 1,000 na kuwaachia mbuzi.

NYUMBANI

Sasa turudi kwa kijana wetu aliyesimama ufukweni, kamba mkononi. Amekwisha kuona, amekwisha kuamua. Lakini kutenda kwake kwagusa chakula cha nyumbani. Hapa twasema mambo matatu.

Kwanza, mwalimu asimfanye mtoto kuwa mpelelezi wa baba yake. Akiuliza darasani, "Nani ambaye kwao wavuta kokoro?" atawafundisha watoto ama kusema uongo, ama kuwadharau wazazi wao. Amri ya nne ya Mungu haikufutwa na somo la biolojia. Ndiyo maana tulisema hesabu ziandikwe bila majina.

Pili, mzazi asimzibe mtoto kinywa. Mtoto akisema, "Baba, mwalimu ametufundisha kwamba kokoro laua vifaranga," ni rahisi kumjibu, "Kokoro ndilo likulishalo." Neno hilo ni kweli, lakini si jibu. Litamfundisha kwamba elimu ni kitu cha kuandikia mtihani, kisha kuachwa mlangoni. Baba mwenye hekima angesema, "Mwanangu, najua. Hata mimi naona samaki wapungua. Sina fedha ya nyavu halali. Tufikiri pamoja." Baba asemaye hivyo hajavunja heshima yake, ameiongeza. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulitukumbusha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza. Mwalimu hawezi kujenga mchana kile ambacho nyumba yabomoa jioni.

Tatu, baba huyo asiachwe peke yake. Aghalabu mwenye kokoro ni mmoja, na wavutao ni wengine walioajiriwa kwa riziki ya siku. Akiacha kuvuta leo, kesho jirani ashika kamba yake. Haitoshi Padre kukemea mimbarini. Hapa ndipo Jumuiya Ndogo Ndogo zina kazi ya kufanya: kuweka akiba pamoja, hata kama ni kidogo, mpaka wanachama waweze kununua nyavu halali kwa zamu, kukubaliana mwalo mzima, pamoja na vikundi vya BMU vilivyowekwa kusimamia uvuvi, ili asiyevunja sheria asionekane mjinga. Hesabu za wanafunzi zingefaa sana kusomwa katika Jumuiya hizo, zikisomwa na vijana wenyewe, wazee wakisikiliza.

Nasi tulio mbali tusijione safi. Dagaa wa Mwanza wafika sokoni nchi nzima, na sangara vilevile. Anunuaye kisangara cha sentimeta 30 kwa sababu ni rahisi, huyo naye ameshika ncha moja ya kamba ya kokoro, hata akiwa Songea au Tanga. Tena kila mahali pana ziwa lake: penginepo ni msitu, penginepo ni mto, penginepo ni chemchemi iliyokuwa ikitoa maji mwaka mzima na sasa yakauka Agosti. Zile hatua tatu ni zile zile.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA NYUMBANI

1. Ni viumbe gani tuliowajua sisi wazazi utotoni, ambao watoto wetu hawawajui?

2. Je, mtoto wetu amepata kutuambia jambo alilofundishwa shuleni, nasi tukamnyamazisha? Lilikuwa jambo gani?

3. Ni kazi gani ya riziki yetu iharibuyo mahali petu? Twaweza kuigeuza namna gani, na twahitaji msaada wa nani?

4. Miti iliyopandwa shuleni au parokiani kwetu mwaka jana, mingapi ingali hai?

Swali la nne ladai kutembea na kuhesabu, wala si kukisia. Twawaomba wazazi waende pamoja na watoto wao Jumapili hii baada ya Misa. Watakachokiona huko, kiwe kizuri au kibaya, kiwe mwanzo wa mazungumzo yao. Na kijana wetu wa mfano hatuwezi kumjibu sisi kwa karatasi hii. Jibu lake li kwa baba yake, kwa mwalimu wake na kwa Jumuiya yao, wakikubali kuketi pamoja kabla kokoro halijatupwa tena majini.